Ukipotea porini: ukae ulipo au utembee?

Usiku wa tarehe 25 Novemba 2006, James Kim na mkewe walikuwa wakiendesha gari kuelekea pwani ya jimbo la Oregon, Marekani, mabinti zao wawili wakiwa kiti cha nyuma. Walipitiliza njia ya kuchepukia waliyoikusudia, wakaamua kukatisha milimani. Huko juu wakaingia kimakosa kwenye barabara ya wakata magogo, theluji ikazidi, gari likakwama. Walikaa humo siku saba. Waliwasha injini kupata joto, kisha wakachoma matairi. Chakula kilipokwisha, mama aliwanyonyesha watoto wote wawili, mdogo wa miezi saba na mkubwa wa miaka minne.

Asubuhi ya tarehe 2 Desemba, Kim aliondoka kwa miguu. Kwa kusoma ramani aliamini kijiji cha Galice kiko kama maili nne mbele. Alimwahidi mkewe kwamba asipokuta mtu, saa saba mchana atageuza. Hakurudi. Siku mbili baadaye helikopta ililiona gari, na mama na watoto wakaokolewa wakiwa hai. Tarehe 6 mwili wa Kim ulipatikana kwenye korongo la kijito cha Big Windy. Baridi ilikuwa imemuua.

Wengi wakisikia kisa hiki hukimbilia kusema: angekaa. Na kweli, waliokaa walipona. Lakini tazama alichokijua Kim asubuhi ile. Alijua siku saba zimepita bila ndege wala sauti ya mtu, na watoto wanakonda. Hakujua kwamba msako ulikuwa umeshaanza. Hakujua kwamba wahandisi wawili wa kampuni ya simu walikuwa wakipekua kumbukumbu za mitambo, na kwamba wangegundua jumbe mbili za simu zilizopita kwenye mnara wao usiku wa kuamkia tarehe 26 Novemba, jambo lililosaidia kupunguza eneo la kutafuta. Hakujua pia kwamba si mbali na hapo palikuwa na nyumba ya wageni iliyofungwa kwa majira ya baridi, yenye vyakula ndani.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake kuna hoja za pande zote mbili. Wanaofundisha uokoaji karibu wote hutoa agizo moja: ukipotea, kaa ulipo. Upande wa pili wapo watu waliopona kwa sababu waliinuka wakatembea, na hao ndio tunaowasikia zaidi. Mimi naegemea upande wa kukaa. Ila naona agizo hilo limekuwa likitolewa nusu, na hiyo nusu iliyoachwa imewagharimu watu maisha.

Nguvu ya hoja ya kukaa iko kwanza kwenye hesabu. Mtu akiwa amesogea kilomita moja kutoka pale alipoonekana mara ya mwisho, na hakuna ajuaye alielekea upande gani, watafutaji wana eneo la kilomita za mraba kama 3. Akifika kilomita 5, eneo linakuwa karibu kilomita za mraba 79. Akifika kilomita 10, ni 314. Kila saa anayotembea, anawaongezea kazi wale wanaotaka kumsaidia. Anaweza hata kuingia eneo ambalo wameshalipekua jana na kulifuta kwenye orodha.

Jambo la pili ni miguu yetu wenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika msitu wa Bienwald na katika jangwa la Sahara upande wa Tunisia. Waliwaambia watu watembee moja kwa moja, huku vifaa vya GPS vikirekodi nyayo zao. Jua lilipoonekana, waliweza. Jua lilipofichwa na mawingu, walizunguka na kukatiza njia yao wenyewe bila kutambua, kila mmoja akiamini amenyoosha. Wazee wanaposimulia habari ya mtu aliyetembea usiku kucha msituni akajikuta pale pale alipoanzia, hawatungi hadithi.

Kwa watoto, hoja hii haina mjadala kwangu. Mwaka 1981 mtoto wa miaka tisa alipotea kwenye mlima Palomar, California, akafa kabla ya kupatikana. Kutokana na msiba huo ulianzishwa mpango wa kuwafundisha watoto kwamba wakipotea wakumbatie mti na kubaki hapo. Mti unampa mtoto kitu cha kushika na kuongea nacho, na miguu inatulia. Nani atapinga hilo?

Sasa upande wa pili, na hapa siwezi kupita haraka.

Tarehe 13 Oktoba 1972 ndege ya jeshi la anga la Uruguay iliyobeba timu ya raga, jamaa na marafiki, iligonga milima ya Andes ikiwa na watu 45. Waliobaki hai walifanya kila ambacho mwalimu wa uokoaji angewaambia: walibaki kwenye mabaki ya ndege. Lakini mwili wa ndege ulikuwa mweupe, juu ya theluji nyeupe, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,500. Ndege za msako zilipita angani wakaziona, zenyewe hazikuwaona. Walijaribu kuandika alama ya kuomba msaada juu ya paa kwa rangi ya mdomo waliyoikuta kwenye mizigo, ikawa haitoshi hata herufi zionekane. Wakapanga mabegi kwenye theluji kwa umbo la msalaba. Hakuna aliyeliona.

Kama siku ya kumi na moja, kwenye redio ndogo waliyoikuta kwenye mabaki, walisikia kwamba msako umesitishwa. Mmoja wao, Gustavo Nicolich, ndiye aliyewapelekea wenzake taarifa. Inasimuliwa kwamba aliwaambia ana habari njema. Walipomshangaa, akawaeleza kwamba sasa hawana wa kumsubiri, kwa hiyo watatoka kwa nguvu zao. Kijana huyo hakuishi kutoka. Maporomoko ya theluji ya tarehe 29 Oktoba yaliwafunika wakiwa usingizini, yakaua wanane, yeye akiwemo.

Naliona tukio hilo la redio kuwa zito kuliko mengine yote katika kisa chao. Kabla ya taarifa ile, kukaa kulikuwa na maana. Baada yake, kukaa kulikuwa kusubiri kifo. Mahali ni pale pale, watu ni wale wale, theluji ile ile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena aliyekuwa njiani.

Hata hivyo hawakukurupuka. Walisubiri hali ya hewa iwe na joto kidogo, wakiishi kwa kula miili ya wenzao waliokufa, uamuzi ambao baadhi yao walikuja kuueleza hadharani bila kuficha uchungu wake. Walishona mfuko wa kulalia kwa vitambaa vya kuzuia baridi walivyovitoa kwenye mkia wa ndege. Tarehe 12 Desemba, Nando Parrado, Roberto Canessa na Antonio Vizintín walianza kupanda kuelekea magharibi. Walipofika juu, badala ya mabonde ya kijani ya Chile wakaona milima mingine, safu baada ya safu. Vizintín akarudishwa kwa wenzake ili chakula kiwatoshe wawili. Parrado na Canessa wakaendelea, jumla siku kumi, hadi wakakutana na mchunga mifugo Sergio Catalán, mto ukiwa katikati na maji yakinguruma kiasi kwamba hawasikilizani. Catalán alifunga karatasi na penseli kwenye jiwe akalitupa ng'ambo. Parrado akaandika kwamba anatoka kwenye ndege iliyoanguka milimani, kwamba yeye ni Mruguay, na kwamba juu wamebaki majeruhi, akalirusha jiwe. Catalán akawatupia mkate, kisha akapanda mnyama wake kwenda kutafuta polisi kwa mwendo wa saa nyingi. Watu 16 walitoka hai baada ya siku 72.

Kwa hiyo kutembea kuliwaokoa? Ndiyo. Lakini usisahau kwamba walikosea mwelekeo. Rubani msaidizi, kabla hajafa, alikuwa amewaaminisha kwamba wameshapita mji wa Curicó ulioko Chile, hivyo Chile iko karibu upande wa magharibi. Ukweli ni kwamba walikuwa bado ndani ya Argentina, na kama kilomita 20 tu upande wa mashariki palikuwa na hoteli ya zamani iliyofungwa. Walipona kwa ujasiri na maandalizi, na pia kwa bahati kubwa.

Na bahati ndiyo inayotupotosha tunaposikiliza visa hivi. Kila mtu anamjua Juliane Koepcke, binti wa miaka 17 aliyeanguka na ndege ya shirika la LANSA katika msitu wa Peru mkesha wa Krismasi wa 1971, akafuata kijito, kijito kikamfikisha mtoni, na siku ya kumi na moja akapatikana na wakata miti. Watu 91 walikufa, yeye peke yake akapona. Alikuwa ameishi kwenye kituo cha utafiti msituni, wazazi wake wakiwa wataalamu wa wanyama, na baba yake alikuwa amemfundisha kufuata maji. Inaaminika kwamba abiria wengine kadhaa, mama yake akiwa mmoja wao, hawakufa siku ile ya ajali bali baadaye, wakiwa wamejeruhiwa chini ya miti mirefu ambayo ndege za msako hazikuweza kuona chini yake. Kwa upande wa wanaotetea kutembea, huo ni ushahidi mzito.

Lakini waliofuata kijito wakaishia kwenye maporomoko, kinamasi au mafuriko hawakurudi kutuhadithia. Msimuliaji siku zote ni yule aliyefika. Tukijifunza kwa waliofika tu, tutadhani kila kijito kinaelekea kwenye kibanda cha wakata miti.

Jangwa la Sahara limetupa mfano wa pande zote. Aprili 1933 rubani Mwingereza Bill Lancaster, akijaribu kuvunja rekodi ya kuruka kutoka Uingereza hadi Cape Town, alianguka kusini mwa Reggane nchini Algeria. Aliamua kutoiacha ndege yake. Usiku alichoma vipande vya kitambaa cha bawa vilivyolowa petroli ili aonekane. Aliandika kila siku. Watafutaji waliangalia sehemu nyingine, na siku ya nane akafa. Doria ya jeshi la Ufaransa ilimkuta mwaka 1962, karibu miaka 29 baadaye, kando ya ndege ile ile. Mwishoni mwa Desemba 1935 rubani Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry na fundi wake André Prévot walianguka kwenye jangwa la Libya, upande wa Misri, wakiwa na maji kidogo mno. Waliiacha ndege wakatembea, na siku ya nne, wakiwa taabani kwa kiu, wakakutana na Mbedui aliyekuwa akipita na ngamia. Kuna anayeweza kusema Lancaster alifanya kosa na Saint-Exupéry alifanya sawa? Kama Mbedui yule angepita bonde la pili, leo tungewataja wote watatu kuwa marehemu wa jangwa.

Kisa kinachonisumbua kuliko vyote ni cha mama mmoja wa miaka 66 aliyekuwa akitembea njia ndefu ya miguu ya Appalachian, Marekani, Julai 2013. Alichepuka kidogo kujisaidia akiwa jimbo la Maine, akashindwa kuiona tena njia. Huyu alikuwa ameaga vizuri kabisa: mumewe alikuwa akimsubiri kwa gari kwenye kituo kinachofuata, na alipochelewa akatoa taarifa. Msako mkubwa ukaanza. Mama alipanda mahali palipoinuka kutafuta mtandao wa simu, akatuma ujumbe baada ya ujumbe, hakuna hata mmoja uliotoka. Kisha akafanya alichofundishwa. Alipiga hema akakaa. Aliishi zaidi ya wiki tatu, akiandika daftarini, na mwezi Agosti akaandika ombi kwa yeyote atakayeukuta mwili wake: amwarifu mumewe na binti yake. Alipatikana Oktoba 2015, umbali wa chini ya maili mbili kutoka kwenye njia, ndani ya ardhi ambako jeshi la majini la Marekani hufundishia askari wake namna ya kujiokoa porini.

Hapa hoja yangu mwenyewe inayumba, na sina budi kusema hivyo. Alitafutwa, alikaa, na bado alikufa. Kilichokosekana ni kuonekana. Hema lake lilikuwa chini ya miti iliyosongamana. Alitundika blanketi la kung'aa na alijaribu kuwasha moto, lakini kutoka juu matawi yalificha kila kitu. Kwa hiyo anayeambiwa akae aambiwe na kazi ya kufanya akiwa amekaa: atafute uwazi ulio karibu, atandaze nguo ya rangi kali, apulize filimbi mara tatu na kurudia, awashe moto wenye moshi mzito mchana, apange mawe au matawi kwa mistari iliyonyooka kwa sababu asili haichori mistari iliyonyooka. Kukaa ukiwa umejificha kuna hatari kama ya kuzurura.

Watoto wanne wa jamii ya Wahuitoto nchini Colombia walionyesha shida hiyo kwa upande wa watafutaji. Ndege yao ndogo ilianguka msitu wa Amazon tarehe 1 Mei 2023, mama yao akafariki, na dada mkubwa wa miaka 13 akawaongoza wadogo zake, wa mwisho akiwa mtoto wa miezi kumi na moja. Walibeba unga wa muhogo kutoka kwenye ndege, ulipokwisha wakala matunda ya porini ambayo dada aliyajua kwa malezi ya kwao. Jeshi lilidondosha vikaratasi na kupaza kwa vipaza sauti ujumbe wa bibi yao, kwa lugha yao, ukiwasihi wasiondoke walipo. Watoto walikuwa wakihamahama. Msitu ni mnene kiasi kwamba watafutaji waliwapita kwa makumi machache ya mita bila kuwaona. Walipatikana tarehe 9 Juni, siku ya 40, kama kilomita 5 tu kutoka ilipoanguka ndege. Waliowafikia ni wenyeji wa jamii za asili waliokuwa wakitafuta bega kwa bega na askari. Je, wangekaa kwenye ndege wangepatikana mapema? Ndege yenyewe iligunduliwa tarehe 16 Mei, kwa hiyo jibu la karatasini ni ndiyo. Lakini wiki mbili bila kutafuta maji na chakula, na mtoto mchanga mgongoni, hiyo karatasi haiwezi kuipima.

Kama kuondoka kumekuwa hakuna budi, basi kuna kuondoka na kuondoka. Vijana wa Andes waliondoka baada ya kujua hawatafutwi, wakiwa wamepumzisha miili, wana vazi, chakula na mwelekeo mmoja, na wenzao wanajua wameelekea wapi. Anayeondoka aache maandishi: jina, saa, upande aliokwenda, hali yake. Avunje vijiti au apange mawe njia nzima. Jangwani atembee usiku, mchana ajifiche kivulini. Na aondoke angali na nguvu, kwa sababu uamuzi unaofanywa na mtu ambaye mwili wake umeshapoa au umeshakauka hauna tofauti na uamuzi wa mlevi.

Lakini swali lenyewe, ukae au utembee, kwa sehemu kubwa hujibiwa kabla mtu hajatoka nyumbani. Ile nusu iliyoachwa kwenye agizo la kukaa ni hii: kuna mtu anajua umekwenda wapi na saa ngapi aanze kupata wasiwasi? Mwenye mtu huyo ana sababu ya kutulia. Asiye naye, akikaa anamsubiri nani?

Kwetu mgeni anayepanda Kilimanjaro huandika jina lake kitabuni getini na tena kwenye kila kambi, na haruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Akichelewa kushuka, itajulikana. Mrina asali anayeingia msituni chini ya mlima ule ule, mama anayefuata kuni, kijana anayetafuta ng'ombe aliyepotea, mara nyingi hawaandikwi popote, ingawa wao ndio wanaoingia porini kila siku ya Mungu. Naona tumeweka ulinzi kwa anayekuja mara moja maishani na kumsahau anayeishi hapo.

Na si lazima ulinzi huo uwe wa gharama. Mwishoni mwa Desemba 2024 mtoto wa miaka minane alipotea kaskazini mwa Zimbabwe, akaingia hifadhi ya Matusadona yenye simba na tembo. Alitembea zaidi ya kilomita 20 kutoka kwao, kinyume cha kila anachofundishwa mtoto. Alikula matunda ya porini, akachimba mchanga wa mto mkavu kwa kijiti kupata maji, akalala juu ya miamba. Wanakijiji wa Nyaminyami walipiga ngoma kila usiku ili asikie kwao ni upande gani, na askari wa hifadhi walifuata hadi wakakuta nyayo mbichi za mtoto. Siku ya tano wakampata hai. Ngoma zile zilipigwa kwa sababu kuna mtu alisema mtoto hayupo. Balozi wa nyumba kumi akijua nani kaingia msituni leo, kwa njia ipi, na anatarajiwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, msako unaweza kuanza usiku huo huo wakati nyayo bado zinasomeka, na aliyepotea atakuwa na sababu ya kweli ya kukaa chini na kupuliza filimbi yake.